Mbuzi Kachinjwa kwa Bismillahi, na Fedha Je?



Leo tunawaandikia dada zetu wa visiwani na wa bara kutoka Buzebazeba, hapa mjini Kigoma-Ujiji. Kazi yetu ni ya cherehani: magauni ya bi harusi, sare za shughuli, mashungi na mabaibui. Kwa kazi hii harusi tunaiona kwa ndani, maana watu wakija kupimwa husema mengi ambayo hawayasemi ukumbini.

Mama mmoja alikuja kuchukua gauni la binti yake siku moja kabla ya nikaha. Akiwa bado kwetu, simu ikalia. Nyumbani wameletwa mbuzi wawili walioshachinjwa, na aliyewaleta hajui nani kawachinja. Mama akakataa palepale. Akaagiza watafutwe mbuzi wengine, wazima, na shemeji yake awachinje mbele ya watu. Akatuambia, "Jamani, mimi siwezi kulisha watu kibudu." Tulimheshimu sana siku ile.

Baada ya miezi mitatu akarudi. Hakuja kushona. Alileta sare yake ya harusi ndani ya mfuko, akatuuliza kama tunamjua wa kuinunua. Harusi ile, tangu turubai mpaka keki, ilikuwa ya mkopo wa kausha damu. Friji lilikuwa limeshachukuliwa na makochi yalikuwa njiani. Hata wale mbuzi wawili wa mara ya pili, waliochinjwa kwa Bismillahi mbele ya mashahidi, walinunuliwa kwa fedha hiyohiyo ya riba.

Na sisi tumo humo. Sare za harusi ile zilipita kwenye cherehani zetu, tukapokea fedha zetu, tukasema alhamdulillah. Ndiyo maana tunaandika. Hatutaki kumcheka yule mama, tunataka tujiulize sote: kwa nini tunalikagua shingo la mbuzi na hatuikagui fedha iliyomnunua?

Chakula: Allah ametufanyia wepesi

Tuanze na chakula, kwa sababu ndicho tunachokiulizana zaidi. Asili ya vyakula ni halali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Katika Suratul Maidah aya ya 3 Allah (S.W) ametutajia vilivyoharamishwa: mfu, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilo la Allah, na walionyongwa, kupigwa, kuanguka, kupigwa pembe au kuliwa na mnyama mkali kabla hawajawahiwa kuchinjwa. Ukiongeza ulevi, ambao umekatazwa katika sura hiyohiyo aya ya 90, umepata sehemu kubwa ya orodha. Vilivyobaki ni uwanja mpana sana.

Sisi watu wa ziwani tuna neema ya ziada. Samaki hahitaji kuchinjwa. Mtume (S.A.W) aliulizwa kuhusu maji ya bahari, akajibu kwamba maji yake ni safi na mfu wake ni halali, na wanazuoni hawakuwatoa samaki wa maji baridi katika hukumu hiyo. Kwa hiyo mgebuka, kuhe, sangala na dagaa wa Tanganyika, awe kavuliwa na Muislamu au asiyekuwa Muislamu, ni halali kwetu. Walima wa mgebuka wa kukaanga na wali, pembeni sombe iliyotiwa mawese, hauna shaka hata moja. Lakini taja harusi yenye samaki bila pilau ya nyama, uone mashangazi watakavyokutazama!

Kwenye nyama pia wepesi upo. Bibi Aisha (R.A) amepokea kwamba watu walimuuliza Mtume kuhusu nyama wanayoletewa na watu waliosilimu karibuni, hawajui kama ilitajiwa jina la Allah. Akawaambia walitaje wao wenyewe jina la Allah, kisha wale. Hakuwatuma wakafanye upelelezi. Na Suratul Maidah aya ya 5 inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, ingawa masheikh wana maelezo yao juu ya namna ya kuchinja, na ni vizuri kuwauliza. Yule mama alichukua njia ya tahadhari, na tahadhari ni njema. Ila tahadhari isigeuke ugomvi.

Tunasema hivyo kwa sababu nchi yetu imeshaonja uchungu wake. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje nyama ya kuuzwa ulifika mpaka mchungaji mmoja akauawa. Roho ya binadamu imetoka kwa sababu ya buchani! Kula nyama yenye shaka ni jambo la kuogopwa, lakini kuua nafsi bila haki ni miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Hapa Kigoma tunaishi Waislamu na Wakristo mtaa mmoja, tunazikana na tunaozeshana. Ukitaka uhakika wa nyama, nunua kwa unayemuamini au chinja mwenyewe kwako, na jirani yako mwache na amani yake.

Sehemu inayohitaji macho zaidi leo ni ile ambayo bibi zetu hawakuwa nayo. Keki ya harusi, kwa mfano. Baadhi ya waokaji huloweka matunda ya keki kwenye ramu au brandi. Jeleta inayotumika kwenye pipi laini, jeli na mapambo ya keki hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na huenda ikawa ya nguruwe. Soseji na nyama za makopo ni hivyohivyo. Dawa yake ni swali moja tu kwa mwokaji kabla hujalipa, na kusoma maandishi kwenye pakiti. BAKWATA hutoa ithibati ya halali kwa bidhaa, basi tafuta alama kabla ya kutafuta bei.

Swala ya bi harusi

Tuje kwenye mwenendo. Bi harusi anakaa kwa mpambaji saa nane mchana, anainuka saa kumi na mbili na nusu. Alasiri imepita akiwa kwenye kiti, Magharibi imemkuta ndani ya gari, na Isha yuko jukwaani. Siku ambayo anahitaji baraka za Mola wake kuliko siku zote, ndiyo siku ambayo hajasujudu. Na sisi tuliomzunguka tumeshika simu tunampiga picha, hakuna aliyemwambia, "Mwanangu, umeswali?"

Kupambwa si udhuru wa kuacha swala mpaka wakati wake utoke. Inawezekana kupendeza na kuswali. Kwanza, panga muda na mpambaji mapema, umweleze kwamba Alasiri utasimama. Tawadha kabla ya kupakwa, uutunze udhu wako. Pili, kucha: hina hutia rangi tu na maji hufika, lakini rangi ya kucha na kucha za kubandika ni ganda linalozuia maji, na udhu hautimii. Hina ya mikono ya bi harusi wa Unguja, Pemba au Ujiji ni uzuri tosha. Tatu, kichwa: katika madhehebu yetu ya Shafi inatosha kupaka maji sehemu ya kichwa, hivyo hakuna haja ya kufumua ushungi wenye pini thelathini.

Na nne ni ya mafundi. Sisi sasa gauni la bi harusi tunalishona mkono wenye vifungo au zipu ndogo, kuanzia kifundo cha mkono hadi kupita kiwiko, ili akitaka kutawadha aufungue na kuupandisha bila kuharibu shanga. Zipu yenyewe ni fedha ndogo. Mwambie fundi wako mapema, asikwambie haiwezekani.

Kuhusu nywele za kubandika, tunajua neno hili halipendwi saluni. Lakini hadithi yake ni ya bi harusi hasa. Mwanamke alimwendea Mtume (S.A.W) akamweleza kwamba binti yake ni bi harusi, ameugua na nywele zimempukutika, je, amuunganishie? Mtume hakumruhusu, na akataja laana juu ya anayeunganisha na anayeunganishwa. Kama yule mwenye ugonjwa hakuruhusiwa, sisi wenye nywele zetu tunajibu nini? Shungi zuri lililofungwa vizuri ni kazi yetu, njooni tuwafunge.

La simu tutalisema kwa ufupi. Shughuli ya wanawake watupu ina raha yake, watu wanavua mabaibui, wanacheza ngoma. Dufu kwenye harusi lilipigwa zama za Mtume. Lakini nusu saa haijapita, bi harusi kifua wazi yuko kwenye status za watu hamsini, na waume zao wanatazama. Mwenye shughuli akusanye simu mlangoni. Watanuna, kisha watazoea.

Kadi ya mchango na karamu mbaya

Sasa jambo ambalo huku bara limeota mizizi, na tunasikia visiwani nako linabisha hodi. Kadi ya mwaliko siku hizi inakuja na bei. Ukitoa kiasi fulani unaingia peke yako, ukitoa mara mbili unaingia na mwenzako. Usipotoa, jina lako halipo kwa mlinzi. Jirani aliyekuwa akimlea bi harusi wakati mama yake yuko sokoni, leo anakaa kibarazani anasikiliza muziki wa ukumbini kwa mbali, kwa sababu hakuwa na mchango.

Mtume (S.A.W) ametuonya kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni chakula cha walima wanaoalikwa matajiri na kuachwa mafukara. Sasa tazameni, pilau ile nyama yake ni halali, mchele wake ni halali, mpishi ana udhu, na bado karamu yenyewe imeingia kwenye sifa ya ubaya kwa sababu ya mlango wake. Kusaidiana kwenye harusi ni jambo zuri sana. Tunachokilalamikia ni msaada kugeuzwa tiketi.

Na saa tano usiku masinia yanayorudi jikoni yamejaa wali ulioguswa kidogo. Asubuhi unamwagwa. Suratul Araf aya ya 31 imeturuhusu kula, kunywa na kujipamba, na papo hapo ikatukataza kufuja. Mtume mwenyewe alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Alipomuoa Bibi Safiyya, karamu ilikuwa tende, jibini kavu na samli. Hakuna aliyesema harusi ile ilikuwa duni.

Fedha ya kausha damu

Hapa ndipo penye kidonda. Watu wameipa mikopo hii jina la kausha damu, na waliolitunga hawakukosea. Unakopa, tuseme, laki tano, unatakiwa urudishe laki sita na nusu baada ya mwezi. Ukichelewa siku, inaongezwa. Rehani ni kadi ya benki, friji, cherehani, hata kitanda. Tangu ipitishwe Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha anatakiwa kuwa na leseni, lakini leseni haiondoi riba. Kwa Muislamu swali linabaki lilelile.

Suratul Baqarah aya ya 275 hadi 279 ina maneno mazito juu ya riba kuliko tunavyopenda kukumbuka. Allah ametangaza vita kwa asiyeiacha. Hakuna aya inayosema hivyo juu ya mla kibudu. Na katika hadithi aliyoipokea Jabir, Mtume amemlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Kwa hiyo hatuwezi kusema, "Mwenye dhambi ni yule mkopeshaji, sisi ni wahitaji tu."

Tunajua jibu linalokuja: dharura. Ni kweli, Allah ametuondolea dhambi anayelazimika, na aya ya 173 ya sura hiyohiyo inamzungumzia mwenye njaa ya kufa akala kilichoharamishwa bila kutamani wala kupita kiasi. Mwenye mgonjwa aliyekosa kila mlango amuulize sheikh wake, na sisi hatuna ulimi wa kumhukumu. Lakini turubai lenye taa za rangi ni dharura? Sare ya kitenge kilichotoka Kongo kwa ajili ya usiku mmoja ni dharura? Hakuna mtu aliyekufa kwa kukosa sare.

Kuna hadithi ya mtu aliyesafiri safari ndefu, nywele timtim na vumbi mwilini, anainua mikono mbinguni kuomba, na chakula chake ni haramu, kinywaji chake haramu, mavazi yake haramu. Atajibiwa vipi? Sisi mafundi tunaisikia vizuri hapo palipotajwa mavazi. Sheikh anawaombea maharusi baraka na ukumbi mzima unaitikia amin, huku gauni, pilau na maua vyote vimenunuliwa kwa fedha iliyotangaziwa vita. Linatutisha hilo, na tungependa litutishe sote.

Huku ziwani tumepata somo la namna hii kwa samaki wetu. Mwaka 2024 serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Ulikuwa ni msimu mgumu kwa vijana wa Katonga na Kibirizi. Mgebuka ni halali kwa dhati yake, hakuna aliyebadilisha hukumu hiyo. Lakini aliyevuliwa kwa kuibia usiku, wakati jirani zako wote wameweka nyavu chini kwa manufaa ya wote, ameingia kwenye sahani akiwa na kasoro isiyoondoka kwa limau. Kitu kinaweza kuwa halali na njia yake ikawa mbaya. Fedha ya harusi ni hivyohivyo.

Na sisi mafundi je?

Msidhani tunawanyooshea vidole wateja tu. Haramu ya fundi ina sura zake. "Njoo kesho, limebaki kupiga pasi," na kitambaa hata hakijakatwa. Huo ni uongo, na ahadi ni deni. Mteja ameleta mita tano, gauni limekula nne, ile moja imekuwa nguo ya mtoto wa fundi. Hiyo ni khiyana ya amana, hata kama mteja hakuuliza. Hapa kwetu tumeweka utaratibu: mabaki yote yanafungwa na kurudishwa pamoja na nguo, na tarehe tunayotaja tunaiandika. Tumewahi kuikosa, na siku hiyo tunapunguza bei. Riziki ya ujanja haina tofauti kubwa na nyama ya mizani ya wizi.

Baada ya yule mama, tumebadilisha jingine. Mtu akileta kazi ya sare, tunamshauri alipe kidogokidogo kabla ya harusi, miezi sita mbele, bila nyongeza yoyote. Akisema atakopa ili alipe kwa mpigo, tunamwambia apunguze idadi, au watu wavae walichonacho kwa rangi moja. Tumepoteza kazi kwa ajili ya neno hilo, tusiwafiche. Mwingine alituambia, "Nyie mnataka biashara au mnataka kuhubiri?" Akaenda kwa fundi wa pili. Allah ndiye Mtoaji riziki, na sisi bado tunakula.

Njia za halali zipo. Kinamama wanaocheza mchezo, kila mmoja anatoa sawa na anapokea sawa kwa zamu, wanaoza mabinti bila riba hata shilingi. Mkopo mwema baina ya ndugu, ulioandikwa na kushuhudiwa kama Qurani ilivyoelekeza, upo. Kwa wenye biashara, Benki ya Amana ilifunguliwa mwaka 2011 kwa misingi ya kiislamu, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo, PBZ ikiwa mojawapo huko kwenu. Na njia iliyo nyepesi kuliko zote ni harusi ndogo: nikaha msikitini, walima nyumbani, majirani wote, sinia moja watu watano.

Uislamu ulifika Ujiji na misafara ya biashara iliyotoka pwani na visiwani katika karne ya 19. Waliotufundisha kutamka Bismillahi kabla ya kisu ni babu zenu na wetu. Tunawaomba dada zetu mnaojiandaa na harusi mwaka huu, muirudishe Bismillahi nyuma kidogo. Itamkwe siku fedha inapotafutwa, kisha kwa mbuzi itakuja yenyewe. Mama wa bi harusi akisema lazima ukumbi ujae, mbusuni mkono, mwambieni kwa heshima: "Mama, tutakaa na deni hili mimi na mume wangu. Tuanzie kidogo, Allah atie baraka."

Yule mama sare yake tuliinunua sisi. Imening'inia dukani, hatujaiuza. Bi harusi mtarajiwa akija na hesabu kubwa kuliko mfuko wake, tunamwonyesha na kumsimulia, bila kutaja jina.

Allah atujaalie kula halali, kuvaa halali na kuoza watoto wetu kwa halali, na asituaibishe mbele ya watu wala mbele Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.